SOMO LA AFYA: ROVU SI UCHAWI



Mtu akivimba mbele ya shingo, watu husema amerogwa. Wengine humchanja kwa wembe. Leo tujifunze chanzo chake cha kweli.

Homoni ni nini?

Mwilini mna tezi kadhaa. Tezi hutengeneza homoni na kuziingiza katika damu. Homoni ni kama tarishi: hupeleka maagizo kwenye viungo. Homoni ya tezi ya shingo huuagiza mwili utumie chakula kupata joto na nguvu, na humkuza mtoto kimo na akili. Ili kuitengeneza, tezi huhitaji madini joto. Yakikosekana, tezi hujitahidi kupita kiasi na kuvimba. Hilo ndilo rovu.

Kwa nini hutupata?

Mvua huosha madini joto ardhini, hivyo mazao huwa nayo machache. Tena muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri huizuia tezi kuyatumia. Tangu enzi za misafara, chumvi ya Uvinza imeletwa Unyamwezi. Lakini chumvi yoyote, ya Uvinza au ya pwani, haina madini joto ya kutosha mpaka yatiwe na mtengenezaji.

Dalili

Homoni ikipungua, mtu huona baridi, huchoka, hunenepa, hukosa choo na ngozi hukauka. Ikizidi, hukonda, moyo humwenda mbio na mikono hutetemeka.

Lakini hatari kubwa haionekani shingoni. Mama mjamzito akikosa madini joto, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kiziwi au mwenye akili iliyodumaa. Madhara hayo hayaponi. Kuzuia ni rahisi.

Vipimo

Damu hupimwa hospitalini kuona kiasi cha homoni ya tezi, na kiasi cha homoni nyingine itokayo chini ya ubongo, ambayo huiamrisha tezi. Tezi ikilegea, hiyo ya ubongo huzidi. Chumvi nayo hupimwa: tone la dawa ya kupimia huigeuza buluu au zambarau ikiwa ina madini joto.

Tufanye nini?

1. Tununue chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto.
2. Tuiweke katika kopo lenye kifuniko, mbali na jua na unyevu. Tusiioshe.
3. Tuitie mboga ikikaribia kuiva. Tusizidishe, maana chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.
4. Mwenye uvimbe asichanjwe, wala asinywe iodini ya kupaka vidonda. Aende zahanati.
5. Mama mjamzito awahi kliniki.

Mtu huhitaji kama kijiko kimoja cha chai cha madini joto kwa maisha yake yote, lakini lazima ayapate kidogo kidogo kila siku.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tezi huvimba?
2. Chumvi ya nyumbani kwako imeandikwaje?
3. Ni nani wa kwanza kulindwa katika nyumba yako?