JE, UISLAMU WAFAA KUWA MWENENDO WA WATU WOTE?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha kijana mmoja alisimama akaniuliza suali. Kijana huyu ni mtu wa bara, amesilimu miaka michache iliyopita, na anafanya kazi hapa mjini. Alisema: "Sheikh, kila siku twafundishwa kuwa Uislamu ni dini ya watu wote, wa kila nchi na kila zama. Mimi nimeliamini hilo, na ndilo lililonileta msikitini. Lakini nilipokwenda kuposa niliambiwa kuwa dini yangu haina kasoro, wala tabia yangu haina kasoro, ila mimi si kufu. Basi lipi lililo kweli, la mimbarini au la barazani?"

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Nami niliona haya kuliko wao, kwani habari ya posa ile nilikuwa nayo kabla, na mzee wa nyumba ile alinitaka shauri nikanyamaza.

Suali la kijana huyu lina mafungu mawili, nasi tutayatazama moja baada ya jingine. La kwanza: je, dini yenyewe yafaa watu wote? La pili: je, sisi twaiwacha iwafae?

Ama la kwanza, jawabu lake ni dhahiri kwa mwenye kuzingatia. Ibada zetu hazikufungwa na nchi wala kabila. Mwenye kusali aliye Mombasa huelekea kaskazini, na aliye Istanbul huelekea kusini, na kibla ni kimoja. Asiyepata maji hutayamamu. Msafiri hupunguza sala. Mgonjwa husali kwa kadiri awezavyo. Na katika muamala, sharia imeweka misingi: ridhaa ya wenye kuuziana, utimizaji wa ahadi na vipimo, kuharimishwa riba na dhulma. Kisha ikawawachia watu ada zao maadamu hazipingani na misingi hiyo. Ndio maana msikiti mkuu wa Xi'an huko Uchina una mapaa ya Kichina, na ule wa Djenné nchini Mali umejengwa kwa udongo, na misikiti ya kale ya Lamu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Majengo yametafautiana, na sala ya ndani yake ni moja.

Tena sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi tunayo hoja karibu nasi. Imamu huyu alikuwa na fatwa zake alipokuwa Iraki. Alipohamia Misri, ambako ndiko alikofia mwaka wa 204 Hijra (820), alizitazama upya nyingi katika hizo, akawa na kauli ya kale na kauli mpya. Kur'ani haikubadilika wala Sunna haikubadilika. Ni mwanachuoni aliyeona hoja na hali ambazo hapo kwanza hakuziona, wala hakuona aibu kurejea katika rai yake. Dini iliyo na nafasi kama hii haimshindi mtu wa bara, wala wa Ulaya, wala wa Marekani.

Sasa tuje katika fungu la pili, nalo ndilo zito. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, yatufunza kuwa Mwenyezi Mungu ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni mchaji Mungu. Na katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijra (632), Mtume S.A.W. alibainisha kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa uchaji Mungu. Haya twayahutubu kila mwaka. Lakini anapobisha hodi mtu ambaye babu yake hatumjui, twayasahau.

Huenda msomaji akasema: "Lakini Sheikh, vitabu vya fikihi vya madhehebu yetu vinaitaja nasaba katika mambo ya kufu." Naam, vinaitaja, nami sitaficha. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kuwa kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiwacha nikaha ni sahihi, haina dosari. Na Imamu Malik ameitazama dini, wala hakuitia nasaba katika kufu. Basi mwenye kumkataa Muislamu mwema kwa sababu ya kabila lake asiseme kuwa sharia imemlazimisha. Aseme kuwa yeye hakupenda.

Tena tutazame mwendo wa Mtume mwenyewe. Fatima binti Kais alikuwa mwanamke wa Kikureshi. Aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akamtaka Mtume shauri, naye akamwelekeza kwa Usama bin Zaid, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyewachwa huru, na mama yake, Ummu Aiman, Mhabeshi. Mwanzo Fatima hakupendezwa. Kisha akatii, akaolewa, na mwenyewe akasimulia kuwa Mwenyezi Mungu alimjaalia kheri katika ndoa ile. Na Abu Hudhaifa, naye ni Mkureshi, alimwoza binti wa ndugu yake kwa Salim, aliyekuwa mtumwa akawachwa huru.

Hatusemi kuwa mzazi amtoe binti yake bila ya kupeleleza. Na aulize juu ya sala ya mposaji, na ukweli wake, na uwezo wake wa kulisha mke, na jamaa atakaokwenda kuishi nao. Hayo ni haki ya mzazi. Lakini akishauliza akaridhika na dini na tabia, asigeuke akatafuta ila katika kabila. Mtume ametuonya kuwa kumkataa mtu wa namna hiyo huleta fitina na uharibifu katika nchi.

Mwaka 1964 Malcolm X, Mmarekani mweusi, alihiji Makka, akaandika kwamba alikula sahani moja na Waislamu wa kila rangi, na kwamba jambo hilo lilimfanya azitazame upya fikra zake. Mtu yule aliujua ukubwa wa Uislamu kwa kukaribishwa. Ni wangapi wameujua udogo wetu kwa kufukuzwa?

Baada ya darasa ile nilikwenda kwa yule mzee, nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, nikamsomea habari ya Fatima binti Kais. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema atamuuliza binti yake. Nikafahamu kuwa siku zote hizo binti mwenyewe hakuwa ameulizwa.

Jawabu ya posa sijaipata hata leo. Ama jawabu ya suali, nilimpa yule kijana Ijumaa iliyofuata, mbele ya wanafunzi wote: la mimbarini ndilo kweli, na sisi wa barazani ndio tunaowajibika kurejea kwalo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutenda tunayoyasema. Amin.