Filme inakataa kufunguka

Siku ya posho wadogo wetu wa mwaka wa kwanza waliketi saa nzima mbele ya televizyo, filme ya biolojia ikakataa. Tuliipitisha toka ordinatere mpaka PlayStation 3 kwa njia ya rezo. Wengine walisema filme imeoza. Hapana! Filme iko sawa mfuko, ndani muko picha na sauti. Mfuko wa MKV, PlayStation 3 haijui kuufungua. Wa MP4 inaujua. Basi tulihamisha vyote bila kuvigeuza:

ffmpeg -i filme.mkv -c copy filme.mp4

Ni dakika chache tu. Lakini picha iwe H.264 na sauti AAC. Kama inakatika-katika, hiyo ni shida ingine: rezo bila kamba ni zaifu, tia kamba. Wadogo, mtusamehe, posho ijayo mtaiona.