Kuchagua Riwaya na Hadithi Fupi za Kiingereza

Wanachama wenzangu, huenda mkajiuliza makala ya vitabu vya Kiingereza yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili. Subirini kidogo, mtaona. Mimi nasomesha masomo yote mawili, na kila mwaka wanafunzi, hata wazazi, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, hivi vitabu huchaguliwa vipi?"

Vile vya lazima katika mtihani wa taifa havichaguliwi na mwalimu. Orodha hutoka Nairobi, nasi tunaipokea. Shule huchagua kati ya vile vya hiari, na vile vya kusomwa darasani kabla ya moto wa mtihani kuwaka. Hapo ndipo penye kazi, tena si ndogo. Kitabu kikimshinda mwanafunzi mapema, hakirudii tena. Ananunua mwongozo. Ukipita Mwembe Tayari wakati wa kufungua shule utaiona hiyo miongozo imepangwa kando ya njia, na watu wameizunguka. Aliyesoma mwongozo peke yake atakutajia maudhui yote, lakini muulize mhusika alilia lini na kwa nini, atakutazama tu.

Sasa, kitabu gani kitamshika? Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai pale Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwe katikati ya masomo, si pembeni. Mwaka 1974 walimu wakakutana Nairobi kuzungumzia fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Rai yao ilikuwa mwanafunzi aanzie nyumbani, kisha atoke kwenda mbali. Naikubali rai hiyo. Lakini nauliza: nyumbani ni wapi?

Chukueni The Pearl ya John Steinbeck, iliyotoka 1947. Ni habari za Meksiko, na hakuna Mwafrika hata mmoja. Kino ni mpiga mbizi maskini. Mtoto wake anaumwa na nge, daktari anakataa kumtibu kwa kuwa hawana pesa. Kisha Kino anapata lulu kubwa, anaipeleka kwa wanunuzi, na kila mmoja anaidharau. Kumbe wote wameajiriwa na tajiri mmoja, ushindani wao ni mchezo wa kuigiza. Nilipolisomea darasa sehemu hiyo, kijana mmoja wa Mji wa Kale ambaye hakuwa na desturi ya kufungua kinywa katika kipindi cha Kiingereza aliruka: "Mwalimu, hawa wamepatana kitambo! Hata dikoni wako!" Akatueleza jinsi bei ya samaki inavyopangwa kabla mashua haijatia nanga. Siku hiyo yeye ndiye aliyesomesha. Kiingereza chake kilikuwa na makosa, lakini alikisema dakika tano nzima.

Upande wa pili, hebu tutazame The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa hapa hapa Mombasa. Kilitoka 2021, na mwaka 2022 kikapata tuzo ya kwanza ya Ursula K. Le Guin. Msichana Aisha anaingia baharini na paka anayesema, kumtafuta babake mvuvi. Nani asiyetaka kisa hicho? Lakini Kiingereza chake kina mizunguko na mafumbo, na kitabu kimechapishwa Marekani, bei yake si ya kila mzazi. Mimi ningesoma sura moja kwa sauti, kisha nikiweke maktabani wenye hamu wakigombee. Kitabu chaweza kuwa cha mtaani kwetu na kisiwe cha darasa zima.

Tena kuna hesabu, ambayo wengi huisahau. Kipindi ni dakika 40. Mkisoma na kuzungumza, mtamaliza kurasa sita hivi. Riwaya ya kurasa 250 yataka vipindi zaidi ya 40, na mkiwa na viwili vya fasihi kwa wiki, hiyo ni karibu mihula miwili. The Pearl, yenye kurasa kama 90, inakwisha ndani ya muhula mmoja.

Ndiyo maana napenda kuanza na hadithi fupi. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo akirudi anakuta riwaya imeshafika sura ya tisa, naye aliiacha ya tatu. Hadithi fupi inaisha kwa vipindi viwili, kesho kila mtu anaanza sawa. Idza Luhumyo, mzaliwa wa Mombasa, alishinda tuzo ya Caine mwaka 2022 kwa hadithi ya msichana ambaye nywele zake zinaaminiwa zimeshikilia mvua wakati wa ukame. Je, zikatwe? Darasa halihitaji kusukumwa kulijibu swali hilo, watabishana mpaka kengele.

Sasa nafika kwetu, Chama cha Kiswahili. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka 1994. Mwandishi ni mzaliwa wa Zanzibar, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu babake anadaiwa. Sisi tuna neno la hali hiyo: rehani. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina Peponi. Ina mambo ya kikubwa, kwa hivyo ningeiweka kwa madarasa ya juu, na mwalimu aisome yote kwanza.

Kwa mkutano wetu ujao nawapa zoezi. Yusuf amezoea kumwita tajiri yule "Uncle". Khalil, kijana wa dukani, anamkataza: huyo si ndugu yako, mwite Seyyid. Kiingereza kina neno moja tu. Sisi ami ni wa kuumeni, mjomba ni wa kukeni, na kila mmoja ana haki zake. Kabla hamjafungua Peponi, kila mmoja aandike neno ambalo angelitumia yeye na sababu yake. Kisha tutafungua tuone mfasiri amechagua lipi.