Kabla Hujamtumia Guru Hela

Haya wadogo zangu wa Handeni na Korogwe, leo tuongee hili la guru, yaani mwalimu wa kiroho, maana meseji zenu zimekuwa nyingi. Mmoja wa Chanika ameniandikia kwamba anafuata mafunzo ya yoga kwenye simu. Kila alfajiri kabla ya kufungua duka anakaa kimya, anafuata pumzi yake, na moyo umetulia. Sasa yule wa kwenye video amemwambia hawezi kuamka kiroho bila yeye: atume laki tatu apewe mantra ya siri, tena asimwambie mama yake. Ananiuliza, dada, ni kweli siwezi bila guru?

Mdogo wangu, kukaa kimya na kuvuta pumzi hakuhitaji kibali cha mtu. Endelea. Ila ukitaka kuzama zaidi, kubana pumzi muda mrefu, kukesha, kurudia neno moja mara maelfu, hapo wenye yoga yao husema utafute mwalimu, na mimi nakubaliana nao kabisa. Wapo wanaoingiwa na hofu, wanaokosa usingizi siku nyingi, hata wanaosikia sauti. Mwalimu wa kweli huliona hilo mapema, akakwambia acha, kula, lala. Na likikufika huna mtu, nenda hospitali ya Magunga au nyingine yoyote iliyo karibu, usione haya.

Mfano wa mwalimu wa kweli upo. Paramahansa Yogananda, Mhindi aliyekwenda Marekani mwaka 1920 kufundisha yoga, alikutana na guru wake, Sri Yukteswar, mwaka 1910, akiwa na miaka 17. Kijana hakuwa na hamu ya masomo, alimtaka Mungu tu. Mzee akamwambia aende chuo. Akaenda, akapata shahada yake mwaka 1915. Hilo linanigusa sana: guru alikuwa na kijana aliye tayari kumfuata popote, naye akamtuma darasani.

Wala si lazima tufike India. Pwani yetu ina twarika, njia za Kisufi, na ndani yake shehe ni murshidi, mwanafunzi ni muridi. Muridi hajiokotei nyiradi, zile dua za kurudiarudia. Anapewa kwa ijaza, yaani idhini, anaambiwa asome nini, mara ngapi, wakati gani. Na huyo anayempa ana silsila yake, majina ya waliompa na waliowapa hao, yanayotajwa hadharani. Shehe Yahya bin Abdallah, yule Shehe Ramiya wa Bagamoyo, aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtumwa. Akasoma, akawa khalifa wa twarika ya Kadiria mpaka alipofariki mwaka 1931. Mji uliomjua akiwa mtumwa ndio uliomwita shehe.

Hata kungwi wa mwali huku Uziguani haokotwi stendi ya Segera. Shangazi na bibi wanamtafuta mtu wanayeujua mwenendo wake, aliyefundwa naye, wanayeweza kumwendea nyumbani akikosea. Kwa nini roho yako umkabidhi mtu usiyejua hata analala wapi?

Najua mtatajiwa ule msemo kwamba asiye na shehe, shehe wake ni shetani. Una maana yake, lakini mtu anayeutumia kukutisha ili umfuate yeye peke yake, mkimbie. Wote tuliona Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, ya watu waliohubiriwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Walikuwa na mama na dada kama wewe, na kwanza walitengwa na ndugu zao hao. Ndiyo maana ile "usimwambie mama" imenitia hofu kuliko hizo laki tatu.

Na mwalimu akianza kukushika, au kukwambia mwili wako ni sehemu ya mafunzo, hilo ni kosa la jinai. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na mtu unayemwamini.

Wewe wa Manundu uliyesema u Mkristo na unaogopa neno guru, usilitumie. Mwombe padri wako, au sista mtu mzima unayemheshimu, akuelekeze katika sala. Huo ni utaratibu wa zamani wa kanisa lenu, na haulipiwi.

Mdogo wangu wa Chanika, laki tatu hizo ongezea mzigo dukani. Kama bado moyo unakuvuta kwa huyo mtu, mpigie simu, mama yako akiwa amekaa pembeni yako, weka spika, muulize alifundishwa na nani, wapi, miaka mingapi. Kisha niandikie alichojibu.