Baraza ya mbao au zege?

Swali: Nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ni ya mawe na chokaa. Uani tujenge baraza ya mbao au ya zege?

Jibu: Jenga ya mbao, tena isimame kwa nguzo zake bila kushikizwa ukutani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua; zege likiubana, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda, na lipu huanza kumeng'enyuka. Fundi atakwambia baraza isiyoshikizwa itayumba. Haiyumbi, ilimradi nguzo zifungwe mbao za mshazari. Acha mwanya wa vidole viwili ukutani, na sakafu yake iwe chini ya kizingiti, mvua ya masika isiingie ndani. Mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo omba kibali kabla ya kununua hata ubao mmoja.