SOMO LA ROBO HII: Mbio za Kumchangia Mgonjwa wa Familia



Kijana mmoja wa Kisesa alikuja ofisini na barua ya ombi. Mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi, naye anataka kukimbia kutoka Kisesa hadi Mwanza mjini ili watu wachangie matibabu. Ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma, kupitia Igoma, Nyakato na Mabatini. "Mama, miguu ninayo," aliniambia. Kuhusu miguu nilimwamini. Nilichomuuliza ni daftari la ahadi, nalo hakuwa nalo.

Nina sababu ya kuuliza. Miaka ya nyuma tuliandaa matembezi ya hisani kwa ajili ya mtoto wa ndugu yetu mmoja. Tulichapisha fulana kwa mkopo, tukakodi spika, watu wakajitokeza kwa furaha, na mwishoni tukapitisha kapu. Baada ya kumlipa mwenye fulana, kilichobaki kilikuwa aibu. Katibu wa kamati ile nilikuwa mimi.

Tujifunze kwa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipoingia mapafuni. Alifariki Juni 1981. Wengi hukumbuka mguu ule. Mimi ninawaomba mkumbuke mji mdogo wa Port aux Basques, wenye watu wapatao 10,000, uliomkabidhi zaidi ya dola 10,000. Kwingine alipita mahali ambapo watu hawakuwa na habari zake, akaambulia kidogo sana. Mkimbiaji alikuwa yuleyule.

Jirani zetu wa Nairobi wana Mater Heart Run, mbio za kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto. Hapo fulana ndiyo tiketi: mtu hununua kwanza, ndipo akimbie. Fedha huingia kabla ya mtu yeyote kutoka jasho. Na huku kwetu CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imechangia matibabu ya watoto wenye magonjwa ya moyo katika Taasisi ya Jakaya Kikwete. Hizo ni kazi za wengi. Mgonjwa mmoja wa familia moja ana shida ya ziada: ugonjwa wake haungoji.

Kijana asiyezoea anahitaji miezi mitatu hivi ya mazoezi, akianza na kilomita 3 au 5, ili amalize 20 bila kuumia. (Na akimbie alfajiri, malori ya barabara ile mnayajua.) Mama hawezi kusubiri miezi mitatu. Mionzi kwa ugonjwa huu kwa kawaida hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi. Zamani wagonjwa wa Kanda ya Ziwa waliifuata Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa ipo Bugando. Ni unafuu mkubwa, ila mgonjwa anayetoka Kisesa kila siku ana safari 25 za kwenda na 25 za kurudi, na anayemuuguza vilevile, pamoja na chakula. Hata mwenye bima hulipa nauli. Akikosa siku kwa kukosa nauli, tiba yenyewe hupungua nguvu.

Kwa hiyo tuligeuza mpango. Ahadi zinaandikwa na kulipwa sasa, kwa stakabadhi, na mtunza hazina asiye ndugu wa mgonjwa; mbio zitafuata, kama deni la kijana kwa waliomchangia. Fulana hatuchapishi. Tuliandika pia fedha zitakwenda wapi zikizidi, au mama akitangulia. Swali hilo lilikuwa gumu kuliuliza, lakini alilijibu mwenyewe: zimsaidie mgonjwa mwingine nauli. Aliruhusu ugonjwa wake utajwe hapa ili kina mama wenzake waende kupimwa mapema. Jina na picha alikataa, na kamati imeheshimu.

Nauli ya wiki ya kwanza ililipwa siku ya Jumatatu. Kijana wakati huo alikuwa amefikisha kilomita 8.

Mratibu wa Miradi