Mwenye Shamba na Karatasi Zake



Mhariri wa kurasa zetu za Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya mambo ya sheria na kodi yanayowapata wenye mashamba na nyumba hapa Uganda. Mimi si wakili. Nilipotoka katika shule hii nilipata kazi ya ukarani katika afisi ya mawakili, nikakaa huko miaka mingi nikipanga majalada ya kesi za ardhi. Katika majalada hayo niliona jambo moja likirudi tena na tena: watu wengi waliopoteza mashamba hawakuyapoteza kwa kukosa haki, bali kwa kukosa karatasi ya kuonyesha haki yao, au kwa kuogopa kuuliza. Basi hilo ndilo somo langu, nami nitaanza na jambo lililotupata nyumbani kwetu.

Marehemu Baba alikuwa mtu wa reli. Mwaka 1974 alinunua kibanja katika wilaya ya Mukono, akapanda migomba na kahawa, akajenga nyumba. Mwaka 2012, Baba akiwa amekwisha kufariki, alikuja bwana mmoja na hati ya kumiliki ardhi mkononi. Alisema ameinunua ardhi yote kwa warithi wa mwenyewe wa zamani, naye akatupa mwezi mmoja tuondoke. Jirani yetu alipoiona ile hati yenye muhuri aliogopa. Akapokea fedha kidogo, akabomoa nyumba yake, akahama na watoto. Mama hakusema neno. Aliingia chumbani akatoka na mkebe wa zamani wa samli. Ndani yake mlikuwa na barua ya 1974 ambayo mwenye ardhi alimruhusu Baba kuingia, mapatano ya kununua yenye sahihi za mashahidi, na stakabadhi za busuulu. Karatasi hizo ndizo zilizotuokoa. Jirani naye alikuwa na haki kama sisi, maana alitangulia hata kuliko Baba, lakini hakujua.

Ili mfahamu kwa nini karatasi za Mama zilikuwa na nguvu mbele ya hati ya yule bwana, hapana budi turudi nyuma kidogo.

Kwa Mapatano ya 1900 kati ya Waingereza na Buganda, ardhi iligawanywa kwa maili za mraba, na kwa hiyo ikaitwa mailo. Wakuu na watu mashuhuri wapatao 1,000 walipewa sehemu zao. Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Wakulima walikuwamo, na kwa siku moja waligeuka kuwa wapangaji katika mashamba yao wenyewe. Wenye mailo wakawatoza kodi na sehemu ya mazao, na malalamiko yakazidi, hata mwaka 1928 ikatungwa sheria ya Busuulu na Envujjo iliyoweka mpaka wa malipo hayo na kumkinga mkulima asifukuzwe ovyo. Mwaka 1975 serikali ya wakati huo ilitoa amri iliyoifanya ardhi yote kuwa ya umma. Amri hiyo haipo tena. Katiba ya 1995 ilisema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, nayo ikataja njia nne za kuimiliki: kwa desturi ya kabila, kwa milki huru, kwa mailo, na kwa kukodishwa kwa muda. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikafuata ili kueleza haki za kila mmoja.

Kwa hiyo, katika shamba moja la mailo mara nyingi mna haki mbili. Mmoja ana hati, mwingine ana kibanja. Asiyelijua hilo hununua ugomvi akidhani amenunua shamba. Sasa nitajibu maswali ambayo watu waliniuliza mara nyingi pale afisini.

Swali la kwanza: Je, mwenye hati aweza kumfukuza mwenye kibanja?

Sheria ya 1998 humlinda mtu aliyeingia kwa idhini ya mwenye ardhi, na pia mtu aliyekaa na kulitumia shamba bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika mwezi wa Oktoba 1995. Marekebisho ya 2010 yaliongeza ulinzi huo: mtu kama huyo hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu, nayo ni kutolipa busuulu ya mwaka. Hata mahakama ikikwisha kuamua, lazima impe muda usiopungua miezi 6 kabla ya kuondoka. Kadhalika, ardhi ikiuzwa, mnunuzi huipokea pamoja na watu waliomo, na hana budi kuiheshimu haki yao. Hapo ndipo yule bwana alipokwama. Hati yake ilikuwa ya kweli, lakini haikufuta kibanja chetu.

Walakini mwenye kibanja naye ana wajibu wake. Kwanza, alipe busuulu kila mwaka na kudai stakabadhi. Fedha yenyewe si nyingi; stakabadhi ndiyo mali. Pili, akitaka kuuza kibanja chake, sharti amwambie kwanza mwenye ardhi, kwa kuwa sheria imempa huyo nafasi ya kwanza ya kununua. Vivyo hivyo mwenye ardhi akitaka kuuza, yampasa aanze kwa mwenye kibanja.

Swali la pili: Nikitaka kununua ardhi nifanye nini?

Usianze kwa kutoa fedha. Nenda kwanza kwenye afisi ya ardhi ya sehemu hiyo, ukiwa na namba za kitalu na kiwanja, uombe kutafutiwa katika daftari. Humo utaona jina la mwenyewe, na kama ardhi imewekwa rehani benki, au kama kuna mtu aliyeandikisha zuio. Kisha nenda shambani kwa miguu. Mchukue mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka, uwaulize majirani na wazee wa baraza la kijiji ni nani wanaokaa hapo, na tangu lini. Daftari halikuonyeshi migomba ya mtu mwingine. Miguu yako ndiyo itakayokuonyesha.

Kisha uliza kama muuzaji ana mke, au mume. Ardhi ambayo jamaa wanakaa na kupata chakula chao haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mke au mume. Nimeona wanunuzi wengi waliolipa fedha zote, kumbe mke hakuulizwa, na mapatano yao yakawa bure.

Mambo hayo yakiwa sawa, andikeni mapatano, mtie sahihi mbele ya mashahidi. Lakini msikomee hapo. Karatasi ya baraza la kijiji ni ushahidi kwamba mliuziana. Haikufanyi uwe mwenye hati. Lazima muuzaji atie sahihi fomu ya kuhamisha ardhi, mthamini wa serikali akadirie bei yake, ulipe ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1.5 ya thamani hiyo, ndipo jina lako liandikwe katika daftari.

Kwa wenzetu waliokuja kusoma hapa kutoka nchi jirani, kumbukeni kwamba asiye raia hawezi kuwa na mailo wala milki huru katika Uganda. Aweza kukodi tu, na muda wake hauzidi miaka 99.

Swali la tatu: Mwenye nyumba hulipa kodi gani?

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilijenga vyumba vitatu vya kupangisha, nikala kodi ya pango miaka kadhaa nikidhani ni fedha za nyumbani tu, wala hazihusu serikali. Siku moja nilipata barua ya kodi, nikalipa deni pamoja na riba yake, na mwaka huo sikuweza kuezeka jiko la Mama. Sikuonewa. Sheria ilikuwapo, ila sikuiuliza.

Kwa sheria ilivyo, mtu mmoja anayepangisha nyumba husamehewa Shs. 2,820,000 za kwanza za pango la mwaka, na sehemu inayozidi hapo hulipiwa kodi ya asilimia 12, bila kutoa gharama zo zote. Tufanye hesabu, maana tuko shuleni. Vyumba vitatu kwa Shs. 150,000 kila kimoja ni Shs. 450,000 kwa mwezi, yaani Shs. 5,400,000 kwa mwaka. Toa 2,820,000, zinabaki 2,580,000. Asilimia 12 yake ni Shs. 309,600. Mtu akiweka Shs. 26,000 kila mwezi, kodi haitamshtua. Anayechelewa hutozwa riba ya asilimia 2 kwa kila mwezi, na deni dogo hukua kama magugu baada ya mvua.

Mbali na hiyo iko kodi ya majengo inayotozwa na mabaraza ya miji. Nyumba ambayo mwenyewe anakaa haitozwi, kwa sheria ya 2005 pamoja na marekebisho yake. Bali nyumba ya kupangisha au ya biashara hutozwa. Msichanganye kodi hizi na busuulu. Busuulu si ya serikali, ni ya mwenye ardhi. Nazo kodi za serikali hubadilishwa mara nyingi bajeti inaposomwa mwezi wa Juni, kwa hiyo kila mwaka ulizeni upya.

Anayepangisha akumbuke pia sheria ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji. Pango likiwa Shs. 500,000 au zaidi, mapatano yaandikwe. Na mwenye nyumba haruhusiwi kuongeza pango kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Swali la nne: Mwenye mali akifa, nani ana ruhusa ya kuuza?

Baba alipofariki, ndugu yangu mkubwa, ambaye ukoo ulimtaja kuwa mrithi, alitaka kuuza nusu ya kibanja ili anunue gari. Alisema, "Mimi ndimi niliyekaa mahali pa Baba." Kwa desturi alisema kweli, lakini kwa sheria hakuwa na ruhusa. Hakuna awezaye kuuza mali ya marehemu mpaka apate barua za usimamizi kutoka mahakamani, na kabla ya hapo hupitia kwa Msimamizi Mkuu wa mali za marehemu kupata cheti cha kutopingwa. Msimamizi naye si mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi.

Kama marehemu hakuacha wosia, sheria ya urithi ilivyorekebishwa mwaka 2022 hugawa hivi: watoto asilimia 75, mjane asilimia 20, jamaa wengine waliomtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Tena nyumba waliyokuwa wakikaa haigawanywi juu juu. Huwekwa kwa ajili ya mjane na watoto. Jambo la ndugu yangu lilitokea kabla ya mwaka huo, wakati fungu la mjane lilikuwa dogo zaidi, lakini hata wakati ule asingeweza kuuza peke yake. Tulikaa kikao, tukamsomea sheria, akanyamaza. Kama tungalinyamaza sisi, yule bwana wa hati angalikuta nusu ya kibanja imekwisha kwenda, na Mama hana mahali pa kusimama.

Basi, wanafunzi, nawapa kazi ya likizo. Mkifika nyumbani, waombeni wazazi kwa adabu wawaonyeshe karatasi za shamba na nyumba. Andikeni katika daftari moja: hati au mapatano ya kununua, majina ya mashahidi walio hai, stakabadhi za busuulu na za kodi, na wosia kama upo. Karatasi isiyokuwapo itafuteni sasa, wakati wazee wangali wanakumbuka. Mzazi akisita, msimlazimishe. Wengine hudhani mtoto anayeuliza karatasi anangojea kifo chao. Mwambieni kwamba mwalimu ametoa zoezi.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio na nyumba na mishahara, msiione kazi hii kuwa ya watoto. Mambo yakiwa mazito, mwendeeni wakili kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Mama bado yuko katika kibanja chake, na ule mkebe uko chini ya kitanda. Yule bwana wa hati hupokea busuulu kila mwaka, wala hatuna ugomvi naye. Jirani yetu sikupata kumwona tena. Pale palipokuwa na nyumba yake sasa pana ukuta wa matofali, na kila nipitapo hapo nafikiri kwamba angaliuliza tu, angalikuwapo mpaka leo.

Nawatakia heri katika masomo yenu.

Mwanafunzi wa Zamani